Mtani Alipohesabu Vidole Vyako

Nachingwea, alasiri

Somoe mwanangu,

Salamu zangu nazitanguliza leo, maana kesho asubuhi penye gari nitakuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na hakuna neno langu utakalolisikia.

Umekwenda kuwaaga shangazi zako. Baba yako bado yuko shamba. Nyumba ni yangu peke yangu, nami siwezi kutulia. Nimeipiga pasi ovaroli yako, nikaikunja, nikaikunjua, nikaipiga tena. Najua ovaroli ya mgodini haipigwi pasi. Baba yako alinikuta asubuhi akanicheka, akasema Ruangwa ni hapo tu, hata mbuzi akipotea huku hupatikana kule. Mwache acheke. Nimeusoma mkataba wako kwa sauti mpaka nimeuhifadhi kama mtoto wa madrasa. Fundi umeme. Mwanangu wa kike, fundi umeme, kwenye machimbo ya madini ya kinywe, mwenye kofia ngumu na buti zinazofika katikati ya muundi. Nimewaambia majirani wote, na wa mtaa wa pili nimewapitia kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kuswali. Hayo ulishafundwa, na kama hayakuingia wakati ule hayataingia kwa karatasi. Nataka kukuandikia habari ya vidole vyako.

Jana jioni Mzee Komba alipita kukuaga. Alikushika mikono yote miwili pale barazani, akaigeuza kama mtu anayechagua mihogo sokoni, akahesabu kidole kimoja kimoja kwa sauti mpaka kumi. Akakwambia, "Myao, nimevihesabu. Idi ukija nahesabu tena." Wewe ukamuuliza Wangoni wameanza lini kujua hesabu, mkacheka mpaka jirani akachungulia. Mimi niliingia ndani. Ulidhani nimekwenda kuchochea moto wa chai. Nilikwenda kufuta macho, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Unanijua mama yako. Nilikuzaa nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita, vyeti havijatoka, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kurudi kuhakikisha kama mlango nimeufunga. Kazini ni vilevile. Meneja akiniita, kabla sijafika mlangoni kwake nimeshajifukuza kazi mwenyewe na nimeshawaza tutakula nini. Ndiyo maana nilipenda ukarani. Karatasi haikaripii mtu.

Mzee Komba unamjua kama mgeni wa baraza letu, lakini kazini kwangu yeye ni msimamizi wa banda la kubangulia korosho. Alitoka Songea kijana, akaoa hapa, akazeekea hapa, na bado Wayao wa kiwandani humwuliza atarudi lini kwao. Ndivyo utani wa Wayao na Wangoni, watani hawachoki. Na hakuna aliyemweza kwa maneno kama Bi Mwanahawa, yule mama wa kijiji cha Chunyu aliyekuwa akikuletea korosho za kuchoma ulipokuja likizo. Asubuhi hata kabla ya mashine kukanyagwa, vita vyao vilikuwa vimeshaanza. Bi Mwanahawa alimwuliza kama panya wameisha Songea ndipo akaja kuwatafuta huku. Mzee Komba alijibu kwamba amekuja kuwafuata mateka ambao babu zake waliwasahau njiani. Banda zima lilicheka, na kazi ikaenda. Mimi sijui kutaniana. Nikitaniwa, jibu zuri hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Ulipokuwa Lindi chuoni, nilikwambia kwenye simu kwamba Bi Mwanahawa ameumia mkono. Nilikwambia hivyo tu. Sasa nakwambia ilivyokuwa.

Mashine zile za kubangulia zina kisu juu na kanyagio chini. Mkono wa kushoto unaiweka korosho, mguu unakanyaga, kisu kinashuka, ganda linapasuka. Ukishazoea, mkono na mguu huenda kama mtu anayetwanga. Siku hiyo korosho moja iliteleza kwa yale mafuta ya ganda, Bi Mwanahawa akairudisha kwa vidole, na mguu ulikuwa umeshakanyaga.

Mimi nilikuwa mlangoni na kalamu yangu. Mzee Komba ndiye aliyeruka, akavua shati lake, akamfunga mkono kwa nguvu, na huku anamfunga akamwambia, "Nyie Wayao mnapenda jando mpaka mnatahiri na vidole." Somoe, Bi Mwanahawa alicheka. Machozi yanamtoka, midomo imekuwa ya kijivu, na anacheka. Akamwambia, "Funga vizuri, mla panya, usinilambe damu." Alicheka hivyo mpaka hospitali, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomzuia asizimie. Sijapata kuona dawa ya namna ile.

Vidole viwili havikuokoka. Alipotoka hospitali alirudi kwao Chunyu. Wiki iliyofuata Mzee Komba alimpelekea kuku, akamtukania mapishi yake, akaondoka. Hapo mambo yakawa yamekwisha. Wewe ni Myao, huhitaji kuelezwa. Mtani akishakucheka na akishakuletea kuku, aliyerudi kulitaja jambo hilo ndiye mkosefu. Mtani hashitakiwi. Siku utakapokufa, yeye ndiye atakayekuja kuwachekesha waliofiwa na kuzuia jeneza mlangoni mpaka apewe kitu. Nani anampeleka mtu kama huyo mbele ya wakubwa?

Kiwanda kizima kiliona hivyo. Meneja aliniambia, "Hayo ya watani yamekwisha, Karani," kwa upole kabisa, kama anayenipunguzia kazi. Nami niliyesoma, niliyehudhuria semina ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi na kurudi na kijitabu chake, niliona hivyo hivyo. Ajali ilitokea bandani, banda lina msimamizi, msimamizi ni Komba. Kichwani mwangu, kuandika taarifa kulikuwa sawa na kuandika mashitaka.

Kisha Bi Mwanahawa akaja getini. Jua lilikuwa limeshaanza kupasua maganda ya ufuta shambani kwake, na alikuwa hawezi kushika mundu na mganda kwa pamoja. Alikuja kuuliza kama iko kazi ya kuchambua, ya kukaa. Haikuwepo wakati ule. Aliniamkia mimi, mtu wa umri wa binti yake, na wakati anaongea mkono wa kushoto aliuficha ndani ya kanga. Nilimwuliza anaendeleaje. Akasema Mngoni amemwachia vitatu, vinatosha kushikia sufuria. Akacheka. Mara hii nilikiona kicheko chenyewe, Somoe. Kilikuwa kimefunika kitu, kama ile kanga.

Nilirudi ofisini nikakitoa kijitabu. Mtu mwoga husoma kwa makini kuliko wote, kwa sababu anatafuta mstari utakaomponza. Nilikuwa natafuta mahali ambapo wanauliza nani alikosea. Nilikisoma chote. Wanauliza ni nani aliyeumia, alikuwa anafanya kazi gani, wapi, ilitokeaje, nani aliona. Nani alikosea, hawaulizi. Nikarudia tena, nikiamini nimeruka ukurasa. Hakuna. Fidia ile haimtafuti mkosaji. Umeumia katika kazi, basi. Hata kama ni kuzubaa kwako mwenyewe, alimradi hukujiumiza makusudi. Na wanaotoa fedha si msimamizi wala meneja kutoka mfukoni mwake. Ni mfuko ambao mwajiri anauchangia kwa ajili yenu, bila kukata chochote kwenye mshahara wa mfanyakazi, ili siku kama ile isimlazimishe mtu kumtafuta adui.

Nilisimama peke yangu ofisini nikataka kupiga vigelegele. Watani na sheria walikuwa wamekubaliana siku zote. Wote wawili wanasema usimshitaki mtu. Sisi ndio tuliokosea katikati, tukadhani usimshitaki mtu maana yake ni usiseme kitu.

Siku ya mapumziko nilikwenda Chunyu, nikamweleza Bi Mwanahawa kwa utulivu wote nilionao. Alinisikiliza, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza jambo moja tu. "Mama Somoe, Komba akininunia, nani atanicheka siku ya maziko yangu?" Nikamwambia hakuna anayeshitakiwa. Akasema karani hawezi kuandika bila kumwandika mtu. Nikarudi Nachingwea na vumbi langu.

Usiku ule nikawaza. Mwanamke yule asingenisikiliza mimi. Asingemsikiliza meneja wala mtu wa mjini mwenye gari. Lakini iko sheria moja ambayo hajawahi kuivunja maishani. Mtani akidai, hanyimwi.

Nilipomwendea Mzee Komba, mwanangu, nilirudi njiani mara mbili. Nilimkuta anapaka grisi kwenye mashine ileile. Nikasema yote bila kupumua. Akafuta mikono kwa kitambaa, utani akauweka kando. Akaniuliza, "Unataka kunifunga, Karani?" Nikamwambia sheria haimwulizi kosa, inamwuliza alichokiona. Nikamwonyesha mahali palipoandikwa shahidi. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Nikamwambia, "Akisikia kwangu ataona nawagombanisha. Wewe mdai. Wewe hakunyimi."

Akacheka, lakini kidogo. Akasema shati lake lile halikurudi mpaka leo, na kwa hiyo madai anayo. Akanisindikiza mpaka mlango wa meneja, akakataa kuingia. Alisema kwenye kucheka yeye anatosha, kwenye kusema niingie mimi.

Niliingia. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Nilimwambia meneja kwamba taarifa ya ajali ni wajibu wa mwajiri, kwamba tumeshachelewa na kila siku inayoongezeka inahesabiwa juu yetu, si juu ya Bi Mwanahawa. Kwamba kuna mwaka mmoja wa kudai na haujapita. Akaniuliza Bi Mwanahawa si kibarua tu. Nikamwambia kisu hakikuuliza. Sijui neno lile lilitoka wapi, Somoe, nilishtuka mwenyewe. Alinitazama, akaniuliza kama kiwanda kitatozwa tena. Nikasema michango yake ndiyo hiyo tunayopeleka kila mwezi, mimi mwenyewe ndiye ninayeiandaa. Akavuta kalamu. Nilipotoka, Mzee Komba alikuwa ameegemea ukuta, akaniuliza mbona nimetoka kichwa bado kiko shingoni.

Safari ya Chunyu tulikwenda kwa pikipiki mbili. Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta kwa ungo mlangoni, ungo umeegemea kifundo cha mkono wa kushoto. Mzee Komba hakusalimia. Alisimama uani akasema, "Myao, nimekuja kuchukua kuku wangu."

"Kuku yupi?"

"Nilimleta nikijua utavidai vidole vyako. Kumbe umemla bure. Mtoe hapa hapa."

Bi Mwanahawa akamwambia kuku alishakuwa kinyesi zamani, aende akamtafute nyuma ya nyumba. Wajukuu wakaanza kusogea. Mzee Komba akasema basi, kuku hayupo na shati hamna, na yeye ni mtani aliyedai, sasa atachukua kitu kingine. Bi Mwanahawa akamwambia achukue anachotaka, nyumba ni hiyo. Hapo Mzee Komba akakaa chini, kwenye mchanga, na sauti ikabadilika.

"Nachukua ule woga wako. Panda twende ukadai."

Bi Mwanahawa akaacha kupepeta. Akamwuliza, polepole, kama hatamnunia. Mzee Komba akajibu kwamba atamnunia akikataa, tena siku ya maziko yake atakaa nyumbani kwake Nachingwea ale wali, wamzike kimya kimya kama mtu asiye na watani. Nilimwona Bi Mwanahawa akiuweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amevaa kanga nyingine, na mkono wa kushoto hakuuficha. Alipopanda pikipiki akamwambia dereva aende taratibu, ana Mngoni nyuma yake na barabara ina panya wengi.

Daktari alimpima, mambo yakachukua muda wake, karatasi zikarudishwa mara mbili na mimi nikazipeleka mara mbili. Mwisho gharama za matibabu alirudishiwa, ujira wa siku alizolala nyumbani ukafidiwa, na kwa vidole visivyorudi alilipwa pia. Leo ana duka dogo la unga na mafuta pale Chunyu, na vibarua wanamvunia ufuta. Vidole havikuota. Lakini anapohesabu chenji, mkono wa vitatu ndio anaoutumia, mbele za watu.

Sasa unajua kwa nini niliingia ndani jana.

Na unajua ninachokiogopa. Mwezi uliopita ulipigwa shoti kwa yule fundi uliyekuwa unamsaidia sokoni. Ulikuja nyumbani unatuigizia ulivyoruka, na kelele uliyopiga, na mama wa nyanya alivyokimbia na kuacha ndoo. Tulicheka mpaka baba yako akakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote. Ulipolala nilikuja na tochi ya simu nikakitazama kiganja chako, kikiwa na doa dogo jeusi. Wewe ni mtoto wa kicheko, umezaliwa kwenye watani, na nakupenda hivyo. Huko uendako utawakuta Wangoni, Wamakonde, Wamwera, watu wa kila mahali, na kabla wiki haijaisha utakuwa na watani kazini kote. Wanaweza kuwa wakubwa wako. Wanaweza kuwa watu wazuri kama Mzee Komba, na huo ndio mtego wenyewe, maana mtu mbaya ni rahisi kumripoti.

Kwa hiyo ukiumia, cheka. Mjibu mtani wako, tena umshinde. Ukimaliza kucheka, siku hiyohiyo, hata ikiwa ni doa dogo la kwenye kiganja, nenda ukamwambie msimamizi na ukahakikishe limeandikwa. Waambie walioona waseme walichoona. Ukienda hospitali sema imetokea kazini. Na ukianza kukohoa vumbi la kinywe, au mkono ukianza kufa ganzi polepole bila ajali yoyote, ujue maradhi ya kazi nayo yamo humo, usiyameze kimya kimya na chai ya tangawizi. Humwombi mtu fadhila. Humgombezi mtu. Akikwambia mtu kwamba yamekwisha, mwulize kwa upole yameandikwa wapi. Mimi sikupewa ujasiri, mwanangu, nilipewa kijitabu, na kilitosha. Nimekitia kwenye mfuko wa ovaroli yako, ule wa ndani. Ndiyo maana niliipiga pasi mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekisahau.

Ukipata siku ya kupumzika, nenda Chunyu ukamsalimie Bi Mwanahawa. Mwambie umetumwa na Mzee Komba kudai shati. Atakupa korosho, na kabla hujaondoka atakushika mikono. Mwache ahesabu.

Nasikia sauti yako kwa shangazi yako mkubwa, unacheka huko, na mimi hapa moyo unaruka kama wa mtu anayeondoka yeye. Kesho nitasimama nyuma ya gari mpaka vumbi litue. Fundi wangu. Nenda ukawashe taa za watu.

Na Idi Mzee Komba atakapokushika mikono pale barazani, nataka afike kumi. Akiishia tisa, mwonyeshe haki ya kile cha kumi, kisha mcheke yeye kwanza.

Mama yako